Pikapu Iliyonyamaza

Baba yangu aliendesha pikapu ya kukusanya maziwa huku Keringet tangu nikiwa mtoto wa shule. Alipofanyiwa upasuaji wa nyonga, usukani ukaja kwangu. Usukani tu. Kazi yenyewe hakuiachilia. Kila asubuhi aliketi barazani, blanketi magotini, akaendelea kuiendesha pikapu kwa masikio.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko, na barabara ya maziwa inazunguka bonde lote chini yake, kwa hivyo mngurumo ulimfikia kutoka kila kituo. Na mngurumo ulikuwepo wa kutosha! Pikapu ile ilikuwa ikikohoa, ikigonga, ikifoka. Wafugaji hawakuwa na haja ya saa: wakiisikia inapanda pale kanisani, wanaanza kubeba mikebe kwenda barabarani. Nami nikirudi nyumbani, kabla sijavua gambuti, nasomewa makosa yangu.

"Pale kwa posho mill ulichelewa kuweka gia ya pili."

"Baba, kulikuwa na ng'ombe barabarani."

"Sikusikia ukipiga honi."

"Ng'ombe hawaskii honi, Baba."

"Wakati wangu walikuwa wanaskia."

Nilikuwa nachemka. Nina mdomo, hilo kijiji kizima kinajua na wala sijawahi kukanusha, lakini kwa Baba nilikuwa nameza maneno na kwenda kuyamalizia kwenye kuosha mikebe. Mikebe yangu iling'aa kuliko ya mtu yeyote.

Kilichonifanya nimeze ni ule mguu. Daktari wa Nakuru alikuwa ametuambia wazi kwamba nyonga imepona na dawa iliyobaki ni kutembea. Akiendelea kukaa, mguu utakakamaa na hatausimamia tena. Baba akakubali kwa kichwa, tukamrudisha nyumbani, akaketi. Mama alimbembeleza. Mchungaji alikuja akaomba, akanywa chai, akaenda. Mvua ikinyesha, Baba alisema kuna matope. Jua likiwaka, alisema kuna vumbi. Mtu aliyekuwa akipandisha mikebe iliyojaa huku anapiga soga, sasa alikuwa anaita mtu amletee maji kutoka meza iliyokuwa pale pale nyuma yake. Niliogopa, na nasema hivyo bila aibu. Niliogopa kwamba kile kiti kitamchukua moja kwa moja.

Wakati huo huo pikapu nayo ikaanza kushindwa na milima. Ilitoa moshi mweusi hadi kina mama wa njiani wakawa wananianulia nguo kabla sijafika. Nikaiteremsha Nakuru, kwa fundi mmoja mwenye uwanja nyuma ya maduka ya spea. Hakufungua boneti. Aliniambia niwashe, akachuchumaa nyuma kwenye bomba la moshi, akainamisha kichwa.

"Sister, hii gari ni mgonjwa," akasema. "Silinda moja inachoma late. Hiyo kugonga unaskia ni taiming ya pampu. Hiyo ingine ka ya cherehani ni tapeti zimelegea. Na sailensa yako ilioza kitambo, so kila mtu anaskia mambo yako ya ndani."

Nikacheka, nikampa ufunguo.

Alifungua nozo za dizeli akanionyesha: badala ya kunyunyiza, mbili zilikuwa zinadondosha tu. Akazisafisha, akairudisha pampu kwenye majira yake, akazikaza tapeti. Kila alipomaliza jambo moja aliniwashisha gari nisikie, na kelele zikawa zinatoka moja moja, kama maganda ya kitunguu. Cherehani ilinyamaza kwanza. Kisha kule kugonga kukaisha, na silinda zote nne zikaanza kufuatana vizuri, hakuna iliyobaki nyuma. Mwisho akafunga sailensa mpya. Kilichosalia kilikuwa mvumo wa chini tu, wa mtu anayejiimbia huku anamenya viazi. Nilipanda hadi Keringet na mimi nikiimba, moshi hakuna.

Kesho yake asubuhi nilifika kanisani nikakuta barabara tupu. Hakuna mtu, hakuna mkebe. Nikapiga honi. Mama mmoja akachungulia mlangoni, akaniangalia, akaangalia pikapu.

"Haki ni wewe? Tulidhani ni watu wa kuuza mkate!"

Wakatoka mbio bonde zima. Mzee mmoja alikuja na gambuti mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, akinilaumu kana kwamba nimemvizia. Tulicheka sana. Baada ya siku chache wakazoea kunitegea kwa honi, na kazi ikaenda.

Lakini nyumbani siku ile ya kwanza, Baba aliniuliza, "Leo hukuenda kazi?"

"Nimeenda, Baba. Nimemaliza."

Akaitazama pikapu muda mrefu. Jikoni Mama akaninong'oneza kwamba chai yake ilipoa bila kuguswa, na kwamba alikuwa amemtuma jirani aende kuangalia kama nimeanguka mtaroni. Sikusomewa kosa hata moja. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu, na ilipofika sikuipenda hata kidogo. Alikuwa amebaki na kiti tu, bila safari. Asubuhi zilizofuata alilivuta blanketi hadi kifuani, akakaa hivyo.

Nikampigia fundi.

"Nataka ile kelele irudi."

"Kelele gani, sister?"

"Ile ya zamani."

"Watu huniletea gari nitoe hiyo kitu."

"Mimi nimekuwa wa kwanza."

"Sawa. Naweza toa hiyo sailensa nikuwekee pipe straight, itapiga kelele mpaka utachoka. But haitakuwa ile. Ile ilikuwa magonjwa. Niletee Monday."

Jumatatu haijafika, asubuhi moja nikawa narudi kwenye kituo cha mwisho, ambacho ni chetu wenyewe. Geti letu liko chini kabisa, kando ya barabara, na kati yake na baraza kuna kijia cha mawe ambacho hata mimi hukishuka kwa adabu. Nikaona mtu amesimama getini. Mkono mmoja umeshika nguzo, mwingine mkongojo, blanketi liko mabegani.

Nilikanyaga breki hadi mikebe ikagongana.

"Nilikuja kuangalia hii waya ya fence," akasema Baba kabla sijauliza. Jasho lilikuwa likimtiririka, na waya haikuwa na neno. Halafu akaacha kujifanya. "Kule juu siku hizi naskia honi tu, injini siskii. Hapa nimekuskia kuanzia kwa kanisa."

Juu barazani Mama alikuwa amesimama, mikono yote miwili mdomoni. Mimi nilizunguka nyuma ya pikapu nikaikagua tairi ambayo haikuwa na shida yoyote, hadi macho yangu yalipokauka. Nikapakia mkebe wetu. Sikumpa pole wala sikumshika mkono. Nilijua nikimsifu tu, kesho atasema kuna vumbi. Nilimwambia naenda kupeleka maziwa, nikaondoka polepole.

Nikaegesha mbele kidogo, kabla ya kona, nikampigia fundi tena.

"Sister, si tulisema Monday?"

"Bado ni Monday. Lakini kazi imebadilika. Hiyo sailensa uliniwekea, kuna kubwa kuliko hiyo, ya kunyamazisha zaidi?"

"Kubwa ya nini sasa? Hiyo gari saa hii haiskiki!"

Kwenye kioo Baba alikuwa bado getini, ameiachilia nguzo, anatazama huku nilikoelekea.

"Inaskika mpaka kwa geti yetu," nikamwambia. "Mimi nataka mtu aifuate mpaka kwa kona."