Asubuhi ya Kuzima Seva

Umeme ulikatika saa nne asubuhi, na mafuta ya jenereta yalikuwa yamekwisha. Pale ghalani kwetu, Zone Industrielle, kwenye eneo la viwanda, kazi yangu ilikuwa kuzima seva, zile kompyuta za kuhifadhi kazi zetu, kabla betri za akiba hazijaisha: kwanza za programu, halafu ya data, mwisho mashine kubwa ambayo zote zilifanya kazi ndani yake. Nilikuwa kwenye ile ya data dada yangu alipopiga simu kutoka nyumbani, mtaa wa Jabe.

"Baba ametutoka," alisema. "Kuya sasa hivi."

"Mi nakuya. Ngoja nizimishe mashine kwanza."

Akakata simu. Nilisubiri data ihifadhiwe, nikazima ile kubwa, nikaondoka. Alasiri tulimzika, nami sikulia.

Kesho yake umeme ulirudi, nikawasha zote, nikianzia ile kubwa. Mkubwa wangu wa kazi akasema hakuna kilichopotea. Nikamjibu asante.