Chungu cha Mbegu Uvunguni

Mjomba wangu alikuwa mtu wa hovyo, na kufa kwake hakujanibadilisha mawazo.

Alikuwa kaka mkubwa wa mama, akiishi kwetu Majengo kana kwamba nyumba ni yake. Kazi hakuwa nayo. Mama ndiye aliyelima manjano kwenye kipande cha udongo kando ya mto. Aliyachemsha, akayaanika juu ya mabati, akayatwanga na kuwauzia majirani kijiko kijiko. Lakini kabla ya kuchemsha aliteua vidole vinono vya mizizi hiyo viwe mbegu, akavifukia vibichi kwenye chungu cha mchanga uvunguni mwa kitanda. Mbegu hiyo aliitoa Muheza, ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, na sasa mpaka ulikuwa umefungwa.

Mwaka huo mama alikwenda Nakuru kumwuguza dada yake. Maulidi yalikuwa karibu, kila jiko likitaka manjano. Mjomba akakivuta kile chungu.

"Mjomba, hiyo ni mbegu," nilimwambia.

Akanifyonya. "Mtoto wa kike, unanifundisha mimi?"

Alivichemsha vidole vyote, akauza, akajinunulia viatu vya ngozi.

Mama aliporudi alikuta mchanga mtupu.

"Umeichemsha?"

"Dada, jambo dogo hilo. Si dukani yamejaa?"

Kweli akaenda dukani, akaleta manjano makavu, na mvua zilipoanza akayapanda mwenyewe kwenye matuta ya mama, na viatu vyake miguuni. Manjano yaliyochemshwa hayachipui, hata watoto wa mtaa walijua. Mama alikuwa na hasira, hakumzuia.

"Mzee, shamba linasemaje?" wanawake wa mtoni walimwuliza kila jioni, wakishika mbavu. Nami nilicheka kuliko wote.

Kicheko kilinikauka upesi. Pale mtoni, ardhi isiyoota kitu ni ya atakayewahi kupanda. Kabla mvua hazijaisha tulikuta sukuma wiki kwenye matuta ya mama, na aliyeipanda amesimama na panga.

"Nilikuta pamekaa bure, mama," alisema. Kwa desturi ya pale, hakukosea.

Tangu hapo mama alinunua manjano dukani, kijiko kimoja kwenye kipande cha gazeti, kama waliokuwa wateja wake.

Siku moja mjomba alionja chakula, akasukuma sahani. "Mchuzi gani huu, hauna hata rangi?"

Mama alisimama. Akaichukua sahani akaimwaga nje, akavirusha na vile viatu vya ngozi, akaushikilia mlango ukiwa wazi.

"Kaka, nenda kale kwenye shamba lako."