Antena Fupi Jikoni kwa Mama Mkwe

Chekeni tu, najua mmeshasikia, lakini leo acheni nisimulie mwenyewe namna nilivyoingia jikoni kwa mama mkwe wangu mbio, macho juu, rimoti mkononi, wageni wa harusi wakiniangalia.

Mnajua mimi hurusha zile ndege ndogo za rimoti, naziunda mwenyewe hapa Amalemba kwa ile boksi nyeupe nyepesi inayokujanga na televisheni mpya. Rimoti yangu ni ya zamani, antena yake ukiivuta inafika karibu mita nzima, na kila nikienda uwanjani lazima mtu apige kelele, "Fundi, leo unavua kamongo?" Zamani haikuniuma kwa sababu Rose, mke wangu, alikuwa ananijibia ("Kamongo ni wewe!"), na ni yeye alikuwa anasimama karibu na ndege tukiijaribu kabla ya kurusha, mimi nikirudi nyuma hatua thelathini huku nachezesha rimoti, yeye akiangalia mkia na kuita, "Iko sawa!" au "Inatetemeka, rudi!" Mkia ukitetemeka ujue rimoti haishiki vizuri, na jaribio hilo linataka watu wawili. Rose alifariki mwaka juzi.

Tangu matanga yaishe hakuna mtu wa kwao Matungu aliyenipigia simu, nikadhani ukwe wangu ulizikwa naye. Halafu siku moja kaka yake, Wycliffe, akanipigia. "Shemeji, dadangu mdogo anaolewa Jumamosi. Kuja na ile ndege ipite juu ya hema. Rose alikuwa anaisifu sana." Akakata, na mimi nikabaki na simu sikioni.

Sasa sikieni ujinga. Nikaona siwezi kwenda kwa wakwe na fimbo ya kuvulia samaki, nikanunua antena fupi ya mpira, urefu wa kidole, muuzaji akaapa kwamba inafanya kazi sawasawa na ile ndefu. Nikaifunga Ijumaa. Na jaribio? Nilitoka na ndege hadi nje, jirani alikuwa anaanika nguo, ningemwambia tu, "Mama, simama hapa dakika mbili." Nikaona haya. Ningeanzaje kumwambia sina mtu? Nikarudi ndani.

Jumamosi ndege ilipaa, wamama wakapiga vigelegele, Wycliffe akaniwekea mkono begani akasema kwa sauti, "Huyu ndiye mkwe wetu!" Wacha niseme ukweli, machozi yalinilengalenga. Ndege ikapita juu ya hema, ikafika kwenye miwa, nikaigeuza. Haikugeuka. Nikasogea hatua tano, ikashika kidogo, ikaniacha tena (ile antena ndefu ingekuwa bado inaongea nayo hata ingefika barabarani), kwa hivyo nikaanza kuikimbilia nikiwa nimenyoosha rimoti mbele, nikaruka kamba za hema, nikapita masufuria, na nyuma Wycliffe anaita, "Shemeji, simama! Huko ni kwa Mama!"

"Nikisimama itaanguka!" nikamjibu.

Kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, hata mkono hampi. Nalijua hilo tangu nioe. Lakini ndege ilishuka nyuma ya jiko, mlango ulikuwa wazi, nikaingia ili nitokee upande wa pili. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda, kitambaa cha kichwa amevua, anakata ingokho, kuku wa wageni. Tukatazamana. Akajifunika uso kwa leso, akageukia ukuta, na mimi mtu mzima, badala ya kutoka, nikamsalimia, "Mulembe, Mama." Nikatoka kinyumenyume, nikakanyaga beseni.

Nje mshereheshaji akasema kwenye maikrofoni, "Jamani, rubani ametua jikoni!" Hapo basi. Walicheka hadi bibi harusi akafuta wanja.

Nikaokota vipande vya ndege nyuma ya jiko, nikavitia kwenye gunia. Langoni Wycliffe akanifuata. "Mama hajakasirika sana, utaleta kuku tu uombe msamaha. Lakini anauliza, siku hizi nani anakusimamia ndege?"

"Wapo," nikasema. "Wapo tu."

Antena fupi niliitupa, na sifungi nyingine maisha yangu yote, niiteni mvuvi mpaka mchoke. Nimeunda ndege mpya, na jaribio siliruki. Naegemeza simu kwenye jiwe, inarekodi mkia, nahesabu hatua thelathini, halafu narudi kuangalia video. Juzi nikajiona humo, kule mbali, mdogo, naita, "Iko sawa?" Nilikuwa sijui kwamba bado naita.

Jumapili nitakuwa uwanjani kuanzia saa nne. Anayetaka kucheka aje achekee pale karibu na mkia, halafu aniambie kama unatetemeka.