Ripoti ya Kalamu ya Samaki

Fyuu! Ndivyo ilivyolia ile kalamu niliyoiminya juzi kwenye duka la vifaa vya shule hapa Ilembo, mwenye duka akanicheka. Nilikuwa nimefuata bahasha tu. Ilikuwa kalamu ya wino yenye umbo la karoti, majani yake ya mpira. Ukiyaminya na kuyaachia, inanyonya wino. Mtu mzima na akili zangu nimesimama naminya karoti mara tatu, mara nne. Nyie mnaonisoma, naombeni mnivumilie. Mlio ule nilikuwa sijausikia tangu nina miaka tisa, na ulinirudisha moja kwa moja kwetu milimani Mwese, kwenye nyumba ya nesi iliyokuwa nyuma ya zahanati. Nesi mwenyewe ndiye mama yangu.

Yetu haikuwa karoti, ilikuwa samaki. Mjomba aliileta kutoka Mpanda mjini, akatukabidhi mimi na kaka yangu Festo kana kwamba anatugawia shamba. Samaki wa plastiki, mnene, wa kijani kilichopauka, macho yamemtoka kama mtu aliyepaliwa na ugali. Kichwa ndicho kilichokuwa kifuniko. Ukikivua unakuta nibu, ile ncha ya kuandikia. Mkia ulikuwa wa mpira. Wino sasa, hakuleta. "Wino mtatafuta," alisema, akawasha pikipiki yake akaenda zake. Kijiji kizima hakikuwa na wino wa chupa, kwa hiyo tulikaa siku mbili tunamtazama tu samaki wetu.

Festo alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku hizo wakaguzi walikuwa wametoka kukagua shule yetu, basi na yeye akajipa ukaguzi. Akasema kalamu lazima ijaziwe ripoti kama za wanafunzi. Haya, utaikaguaje kalamu isiyo na wino?

Kila jioni mimi ndiye niliyefagia chumba cha kufungia vidonda. Kwenye kabati kulikuwa na chupa ya GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, ambayo ikikugusa hata ujisugue kwa mchanga haitoki. Ilikuwa imebaki kidogo sana, kama kijiko kimoja. Lakini rangi yake, jamani! Nikatumbukiza nibu, nikaminya mkia. Fyuu. Samaki akanywa yote. Nilijua kabisa nimeiba. Nikajidanganya kwamba gari la dawa litakuja tu, wakati mvua ilikuwa imekata barabara na hatukuwa tumeona gari kwa wiki tatu.

Ripoti tuliijaza nyuma ya jiko, kwenye karatasi ya daftari. Mwandiko: hafifu. Usafi: mbaya sana, anajimwagia. Bidii: akiandika herufi tatu anapumzika. Tabia: ananuka zahanati. Jumla, alama ishirini na nane kwa mia. Chini yake Festo akaandika maoni ya mwalimu wa darasa: "Hana faida. Mzazi afike shuleni." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, vidole vyote zambarau.

Kesho yake, Jumamosi, akaingia Mama Jeremia. Familia yake ilikuwa ya asili ya Burundi na ililima huko juu kabisa mlimani; alikuwa ametembea tangu alfajiri kwenye utelezi, matope mpaka magotini. Mgongoni alimbeba Jeremia wa miezi miwili.

"Nesi, leo siku ya pili hanyonyi," alisema. "Akishika ziwa analia, analiacha."

Mama akamfungua mtoto mdomo. Ulimi ulikuwa mweupe wote, umeota utando kama maziwa yaliyoganda. Akaenda kabatini, akatoa chupa, akaiinua kwenye mwanga, akaitikisa. Kisha akageuka, akaniona mlangoni nimeficha mikono nyuma.

"Adela."

Festo alikuwa ameificha kalamu kwenye debe la mahindi na kunionya nisiseme. Ningeweza kunyamaza. Lakini yule mtoto hakuwa analia tena, alikuwa anakwaruza tu kooni, na sauti ile ilinitisha kuliko fimbo. Nilikimbia nikaileta kalamu, nikaiweka kiganjani mwa mama huku machozi yananitiririka.

Hakunigusa. Alinawa mikono, akachomoa nibu, akaminya mkia taratibu juu ya pamba safi, tone baada ya tone. Mama Jeremia akakodoa macho.

"Nesi, kumbe siku hizi dawa inakaa ndani ya samaki?"

"Imebaki kidogo, mama," mama yangu akajibu bila kupepesa. "Nimeitunza humu isimwagike."

Mama Jeremia akacheka, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

Dawa ilitakiwa kupakwa asubuhi na jioni na kwake ni mbali, kwa hiyo Mama Jeremia aliombewa hifadhi kwa watu wa kanisani kwake, pale bondeni. "Wewe uliyeijaza ndiye utakayeipeleka," mama aliniambia, na siku nne, asubuhi na jioni, nilishuka na samaki mfukoni wakati wenzangu wanacheza rede. Jioni ya tatu nilimkuta Jeremia ananyonya kwa pupa, ziwa la mama yake limejaa zambarau. Nilimpa mama yake kalamu apake, nikarudi nayo nimenuna, nikihesabu michezo niliyokosa. Nilijua nimeadhibiwa, na kwamba mama alidanganya ili kuniokoa mimi na aibu.

Mwaka jana mwanangu aliota utando huohuo, akakataa ziwa siku nzima. Duka la dawa liko dakika tano tu kutoka kwangu, lakini nilikimbia pekupeku, kitenge nimekisahau kitandani. Ndipo nilipomwona upya yule mama akishuka mlima, na nikaona haya kweli kweli. Nikaelewa pia kwamba uongo ule haukuwa kwa ajili yangu. Mama Jeremia angeambiwa watoto wa nesi wamechezea dawa ya mwanawe, asingerudi tena pale.

Karoti niliinunua. Usiku huohuo niliijazia ripoti kwa mzaha, alama sitini na moja, nikampigia mama simu nimsomee. Nikamwambia na habari ya ile ripoti ya zamani, ambayo hakuwahi kuijua. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Jeremia alizaa wengine wanne," alisema. "Wote aliniletea." Kisha akauliza, "Hivi yule samaki mlimpa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Mlimwonea," mama akasema.