Qul-huwa Saba Kwenye Taa ya Kwanza

Timu yetu ya mbio za magari ilianza na watu watatu katika gereji ya mtaani kwetu Darsait: mimi, kaka yangu, na mume wa dada yetu. Mbio zenyewe ni fupi. Magari mawili husimama sambamba, huchomoka moja kwa moja, na kabla hujameza mate mshindi amejulikana. Kaka, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa fundi. Injini yetu aliijenga miaka miwili, chuma kwa chuma, kila akitoka kazini. Mimi nikimshikia taa. Shemegi alikuwa dereva.

Kwenye mstari wa kuanzia kila gari ina taa zake mbili ndogo. Ya kwanza huwaka ukiukaribia mstari, ya pili ukiufikia. Taa ya kijani haiji mpaka magari yote mawili yawashe taa ya pili, na anayeondoka kabla ya kijani huwashiwa nyekundu. Huyo ameshindwa, hata akiruka kama mshale. Kaka alituwekea desturi: kwenye taa ya kwanza dereva atulie, asome sura fupi ya Qul-huwa-llahu mara tatu, ndipo asogee.

"Gari inakwenda kwa petroli, bwana, haiendi kwa Qul-huwa," shemegi akisema.

"Na petroli kaiumba nani? Mamako?" kaka akimjibu, tukacheka sote.

Kisha kaka akalazwa hospitali. Ijumaa moja, sisi tuko msikitini, shemegi akaja na watu wawili na pikapu, akafungua gereji kwa ufunguo tuliompa wenyewe, akaing'oa injini. Nilimfuata kwake. Hata ndani hakunikaribisha.

"Injini haina jina la mtu," akanambia mlangoni. "Na mgonjwa hatoitumia."

Kila nikenda hospitali kaka aliniuliza, "Injini umeifunika? Vumbi lisiingie." Nami nikimjibu nimeifunika. Alikufa akiamini hivyo. Uongo ule ni wangu, lakini aliyenilazimisha kuusema ni shemegi.

Dada alinililia nisende polisi. "Ukimfunga yeye umenifunga mimi," akasema. Sikwenda. Watu wakanisifu kuwa mzee kasamehe. Sikusamehe. Aliyedhulumiwa ana ruhusa ya kuchukua haki yake, asizidishe. Hivyo nilisomeshwa tangu chuo cha Kurani. Miaka sita nikamwomba Mwenyezi Mungu anipe umri tu, na alinipa, alhamdulillahi.

Mwaka jana mwanangu mkubwa, ambaye sasa ndiye dereva wetu, alipangiwa kushindana na shemegi. Gari yetu haikuwa na nguvu za kuiweza injini ya kaka, aliyoitia garini mwake, na hilo nilijua. Lakini nilimjua pia shemegi. Hawezi kungoja. Hata harusini mkono wake huwa ndani ya sinia la biriani kabla halijatua chini.

Nikainama dirishani kwa mwanangu. "Leo soma mara saba."

"Baba, si tatu?"

"Saba. Na kwa tajwidi, usirukeruke."

Dada alikaa baina ya kambi mbili na chupa yake ya kahawa. Mkate wa kumimina kaukata sawasawa, nusu kwetu, nusu kwa mumewe. Shemegi akenda moja kwa moja mpaka taa ya pili. Injini ikanguruma, na sauti ile naijua kama kikohozi cha kaka. Mwanangu akasimama kwenye taa ya kwanza. Nikawa nahesabu kwa tasbihi. Ya tatu. Ya nne.

"We sheikh!" shemegi akapiga kelele dirishani. "Mwambie mwanao huku si msikitini!"

Ya tano. Ya sita. Gari yake ikitetemeka kama mbuzi aliyeona kisu. Ya saba, mwanangu akasogea. Taa yetu ya pili ilipowaka tu, shemegi akafyatuka. Nyekundu. Mwanangu akangoja kijani chake, akaondoka kwa adabu, akashinda.

Shemegi aliposhuka kumgombeza mwamuzi, nikamwendea na mkono wangu nimeunyoosha, watu wote wakitazama.

"Assalamu alaykum, shemegi. Mashaallah, injini bado nzima. Marehemu aliijenga vizuri."

Aliitikia salamu huku anatazama viatu vyake. Dada alikuwa akifunga kifuniko cha chupa, hakuniangalia.

Ikaadhiniwa magharibi. Watu, kama kawaida yao, wakanitanguliza kuswalisha. Nilipogeuka kuziweka sawa safu, nikamwona shemegi safu ya mbele, nyuma yangu hasa, amebanwa kulia na kushoto. Nikasoma Fatiha. Kisha nikasoma Qul-huwa-llahu, kwa sauti, polepole, herufi kwa herufi, kama alivyoisoma mwanangu garini, naye shemegi akingoja.

Nimeomba msamaha kwa mengi maishani mwangu. Kwa kisomo kile bado.