Siku Bibi Alipomfunga Ndiva

Bibi alishuka kutoka Vudee kuja kutibiwa mguu hapa Same, akawekwa chumbani kwangu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata nikiulizwa jina darasani natetemeka. Kwa Bibi tu ndiyo naongea kama redio. Kwa hiyo aliposema, "Mji gani huu hauna maji? Jumatatu narudi mlimani," nilikosa hata hamu ya ugali.

Ukweli bomba la mtaa wetu lina vituko. Maji hutoka usiku watu wamelala, mchana linakohoa tu. Jumamosi kukawa na mkutano wa mtaa, mhandisi wa maji, kijana mgeni wa huku, akaomba maoni. Bibi akasimama na fimbo yake.

Sasa, kule Vudee, milimani Upare, kuna ndiva, bwawa dogo la kukinga maji ya kijito. Linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa, watu wanamwagilia kwa zamu. Bibi alitaka mtaa ujengewe kitu kama hicho. Tatizo, kwa Kiswahili cha Bibi kila kitu ni mtu. Sufuria ameungua. Mlango amegoma.

"Shikamoo bibi," mhandisi akasema.

"Marahaba. Mwanangu, sisi kwetu tuna Ndiva. Anakunywa usiku kucha."

Mhandisi akaandika. "Pole sana. Ni mume?"

"Ni wa wote."

Nyuma yangu kina mama wakaanza kuficha nyuso kwenye kanga.

"Jioni tunamfunga," Bibi akaendelea. "Asubuhi tunamfungua."

"Mnamfunga, bibi?"

"Asipofungwa si atamwagika wote? Na akijaa matope tunaingia tumboni na majembe."

Mhandisi aliacha kuandika. Akamgeukia mtendaji wa mtaa kama anayetaka kuuliza polisi wako umbali gani, lakini mtendaji mwenyewe, Mpare wa kuzaliwa, alikuwa ameinama anajifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

"Bibi, huyo apelekwe hospitali," mhandisi akasema kwa upole. "Hapa tunazungumzia maji. Hoja hii tuifute." Akaikata kwa kalamu, mstari mrefu.

Bibi akaketi. Akaninong'oneza, "Kanipangie nguo zangu."

Sijui nilisimamaje. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kifaranga.

"Ndiva ni bwawa!"

Mhandisi akanigeukia.

"Ni bwawa, kaka. Halinywi pombe. Yaani linakunywa, lakini maji! Bibi anataka tanki lijae usiku, mchana tuchote kwa zamu."

Watu wote walicheka, hata mhandisi, mpaka akafuta machozi kwa karatasi yenye maoni yetu. Kisha akaandika upya, akatusomea: tanki la mtaa, lijae usiku, lifunguliwe asubuhi. Mikono ikanyooshwa yote. Mtendaji alinyoosha miwili.

Tanki limesimama sasa, jeusi, pembeni ya nyumba yetu. Bibi hajarudi Vudee. Amepewa usimamizi wa zamu na anakaa pale na fimbo. Anayeruka foleni anarudishwa mwisho, mtendaji akiwemo. Mtaa mzima wanamwita Mama Ndiva.

Jana mhandisi alipita kukagua. "Shikamoo Mama Ndiva. Mgonjwa wetu anaendeleaje?"

"Marahaba. Jana amekunywa mpaka akatapika," Bibi akasema. "Mletee koki mpya."