Rukuba kwa R, Lukuba kwa L

Baada ya miaka miwili ya kukataa, mama yangu alikubali kutolewa mtoto wa jicho. Madaktari wa macho walikuwa wamefika Bunda kwa siku chache, na siku ile ilikuwa ya mwisho ya kupokea wagonjwa. Daftari lingefungwa saa saba mchana. Kazi yangu ilikuwa kutoka kwangu Nyegina, kumchukua kijijini kwake Butiama na kumfikisha. Ninamjua mama yangu. Alikwisha kuniambia kwa simu kwamba kivuli cha jiko kikiuacha mlango wa nyumba kabla gari halijaonekana, atavua viatu na kwenda kupalilia mihogo, na habari ya macho tusiizungumze tena.

Hata hivyo nilipita Musoma mjini kwanza, kwa kuwa alitaka kanga mpya. Hakuwa tayari, alisema, kulala mbele ya madaktari na kanga iliyofubaa. Niliegesha kando ya soko, nikatafuta mtu wa kumlipa ushuru wa maegesho nisimwone, nikaingia dukani. Nilipotoka, gurudumu la mbele lilikuwa limeumwa na chuma cha njano kilichofungwa kwa kufuli. Chini ya kifuta kioo palikuwa na karatasi ya kampuni binafsi iliyopewa kazi ya kukusanya ushuru huo. Karatasi ilidai kwamba gari langu limekuwa likiegeshwa mahali pale bila malipo kila Jumanne na Alhamisi, kwa miezi mitatu.

Siku hizo mbili mimi hufundisha tangu asubuhi, na gari hushinda nyuma ya bweni la wasichana likianikiwa taulo.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati. Niliipanda ngazi huku nikipanga hotuba yenye utangulizi, hoja na hitimisho. Msimamizi, mwanamume mnene mwenye adabu nyingi, aliisikiliza yote bila kunikatiza. Kisha akaniuliza kwa upole siku hizo nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa Nyegina, darasani. Akatikisa kichwa kama daktari aliyezoea ugonjwa. Madereva wote wanaodaiwa, alinieleza, walikuwa Nyegina. Wachache walikuwa msibani.

Nilimweleza habari ya macho ya mama. Alinihurumia kwa dhati, lakini akasema kufuli hufunguliwa na risiti. Ilikuwa saa nne na nusu. Ningeweza kulipa na kuondoka, na mkono ulikwisha kuingia mkobani. Lakini kulipa kungekuwa kukiri, na Jumanne iliyofuata deni lingezaliwa upya.

Wakati huo simu ya mezani kwa karani iliita. Karani alikuwa dada wa Tanga, mwenye Kiswahili kilichonyooshwa kwa pasi. Mashine za mkononi za wahudumu wa barabarani zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo walizisoma namba za magari kwa simu naye akaziandika. Na kwa kuwa B, D na P hufanana simuni, msimamizi alikuwa ameagiza kwamba kila herufi isomwe kwa jina la mahali. Sauti nzito ya mwanamume ikatoka kwenye simu: tarakimu tatu, kisha, “Bunda, Lukuba, Dodoma.”

Karani akaandika B, R, D.

Nikasimama. “Samahani, dada. Amesema Lukuba.”

“Ndiyo, mwalimu. Rukuba, kile kisiwa cha hapo ziwani.”

“Umeandika R.”

“Kinaandikwa kwa R. Nilitazama ramani nilipoanza kazi, nisije nikakosea.”

Herufi za gari langu ni D, R, M. Nikamwomba msimamizi, kwa sauti ambayo haikuwa tena na utangulizi, amwite mhudumu yule. Alifika akihema, mtu mzima mwenye ndevu na fulana ya njano, aliyewahi kuvua sangara kabla ya kuajiriwa. Nikamuuliza, anapotaka kusema L husema nini?

“Lukuba,” akajibu. “Huwaga nasema Lukuba. Kuna shida?”

Karani akamwambia taratibu kwamba kisiwa hicho kinaanza na R.

“Dada, mimi nimezaliwa Lukuba. Baba yangu kazikwa Lukuba. Nani wa kunifundisha kuandika kwetu?”

“Ramani, kaka.”

“Aliyechora hiyo ramani alifikaga na mtumbwi wa nani?”

Msimamizi aliinamisha uso kwenye mafaili, mabega yakimtikisika. Nami sikuwa na haki ya kumcheka mtu. Sisi wa Mara tuliolelewa na lugha za nyumbani tunaijua aibu hiyo. Nikiwa msichana niliwahi kutangaza mbele ya shule nzima kwamba wanafunzi wote wajipange kupiga kula. Walijipanga, tena kwa bidii, wameshika sahani.

Nilichohitaji sasa kilikuwa gari lenye tarakimu kama zangu na herufi D, L, M. Nikamuuliza mhudumu kama analikumbuka.

“Nalijuaga sana. Pikapu ya kijani, inaletaga dagaa Jumanne na Alhamisi. Mwenyewe anasemaga atalipa kesho.”

Tukashuka wote wanne. Mhudumu alilizunguka gari langu dogo la kijivu, akaingiza kichwa dirishani, akanusa kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha akamgeukia msimamizi. “Mkubwa, hii haijawahi kubeba hata kisamaki kimoja cha furu. Hii inanuka chaki.”

Kufuli likafunguliwa bila risiti. Msimamizi aliniomba radhi, akasema kuanzia siku hiyo Lukuba itakuwa L, na R itakuwa Rorya. Mhudumu akalijaribu jina hilo mara mbili, likamtoka “Lolya” mara zote mbili, na karani akakaa chini ukingoni mwa barabara kwa kucheka. Sikungoja kujua walichoamua. Nilipokuwa nikiondoka niliwaza wenye magari wa mbali, Mbeya labda, au Mtwara, wanaodaiwa maegesho ya Musoma bila kujua Musoma iko upande gani.

Nilikata kona ya Makutano kuelekea Butiama kwa mwendo ambao nisingependa wanafunzi wangu wauone. Mama alikuwa ameketi mbele ya jiko, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Kivuli kilikuwa kimekwisha kuuacha mlango na kurudi hadi ukutani mwa jiko.

“Nilikuwa navua,” alisema.

“Naona, mama.”

“Ungekuta jembe.”

Akakivaa tena kile kiatu. Baadaye, tulipokaribia Bunda, aliniambia kwamba alikuwa amekivua na kukivaa mara tano.

Tulifika saa saba kasoro dakika chache. Muuguzi alikuwa amekwisha kulibeba daftari kwapani. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akalirudisha mezani na kuuliza jina. Mama alilitaja kwa sauti ya kanisani, akafuata maelekezo yote bila ubishi, jambo lililonitia hofu kuliko kile chuma cha njano. Mlangoni alijitanda kanga mpya, akavua viatu, akanikabidhi vyote viwili, akaushika mkono wa muuguzi na kuingia.